Dozi ya Dakika Saba

Simu ililia, na mama mdogo akauegemeza ufagio wake wa chelewa ukutani hali nusu ya uwanja ilikuwa bado haijaguswa. Ilikuwa asubuhi, Tanga, kabla jua halijawa kali, na jirani aliyekuwa akipita na ndoo ya maji alisimama, akautazama mpaka ulionyooka kati ya mchanga uliofagiwa na ule uliojaa majani ya mwarobaini, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kumetokea msiba. Kwa mwanamke aliyelelewa kuamini kwamba uwanja uliofagiwa nusu ni aibu ya nyumba nzima, kuiacha kazi katikati ni jambo zito kuliko kuimaliza huku akilia. Mama mdogo akamjibu, "Hakuna msiba, mwanangu. Dakika zangu saba zimekwisha, nikishapumzika nitarudi," akaketi mkekani na kunyoosha miguu. Ilinichukua muda kukubali kwamba nilichokiona asubuhi ile kilikuwa matibabu, tena matibabu yenye ushahidi mzito kuliko sindano zote alizokuwa amechomwa kwa miaka sita.

Katika miaka hiyo sita alitibiwa karibu kila kitu. Alipewa dawa za malaria wakati homa hana, akaambiwa ana taifodi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, akapigwa picha za mgongo zisizoonyesha kitu, akachuliwa kwa mafuta ya nazi na karafuu, akaambiwa kwamba ni baridi yabisi, kisha kwamba ni mishipa, na hatimaye ndugu mmoja akanong'ona kwamba ametupiwa kitu. Maumivu yenyewe aliyaeleza kwa namna moja siku zote: anaamka kama mtu aliyetwangwa kinuni usiku kucha, mabega, shingo, nyonga na mapaja yanauma kwa zamu au kwa pamoja, na akili imejaa ukungu kiasi cha kusahau kama chumvi ameshaitia chunguni. Daktari aliyelitaja jina la fibromialjia alikuwa wa kwanza kumuuliza habari za usingizi wake kabla ya kumuuliza habari za homa.

Jina hilo ni geni masikioni mwetu, lakini ugonjwa wenyewe si mgeni duniani. Mwaka 1904 daktari Mwingereza William Gowers, katika mhadhara kuhusu maumivu ya kiuno, aliyaita maumivu ya aina hii fibrositisi, kwa kudhani kwamba kuna uvimbe katika nyuzi za misuli; uvimbe huo haukupatikana, na katika miaka ya 1970 jina likabadilika kuwa fibromialjia, yaani maumivu ya nyuzi na misuli, bila madai ya uvimbe. Mwaka 1990 Chuo cha Rumatolojia cha Marekani, yaani chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo na misuli, kiliweka vigezo vilivyokubalika kwa upana, navyo ni maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi mitatu au zaidi, pamoja na kuumia kwa kubonyezwa katika sehemu 11 kati ya 18 zilizoainishwa. Vigezo vya mwaka 2010 viliacha kubonyeza, na badala yake vikahesabu maeneo yanayouma kati ya 19 ya mwili na kupima uchovu, usingizi usioburudisha na ule ukungu wa akili. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni kwamba watu 2 hadi 4 katika kila 100 wana hali hii, wengi wao wanawake. Ukilichukua kadirio la chini na kulipeleka kwenye mtaa wenye watu wazima 1,000, unapata watu 20. Siamini kwamba mitaa yetu haina watu hao. Naamini tunao, na tunawaita kwa majina mengine, mengine ya huruma na mengine ya kuumiza.

Kilichobadilika zaidi ni uelewa wa mahali tatizo lilipo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwalaza wagonjwa wa fibromialjia, na pia watu wasio na maumivu, ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawabonyeza kwenye ukucha wa kidole gumba kwa nguvu iliyopimwa. Mgonjwa alifikia kiwango kilekile cha maumivu kwa karibu nusu tu ya nguvu aliyoihitaji mwenzake, na picha za ubongo zilikubaliana na kile alichokisema kwa mdomo. Kila mwanamke aliyewahi kuambiwa kwamba anajisingizia ili akwepe kazi anastahili kuusikia ushahidi huo. Mwili wake ni kama nyumba ambayo mlinzi wa usiku, baada ya miaka mingi bila likizo, ameanza kupuliza filimbi kwa kila paka anayepita. Filimbi ni ya kweli, na wenye nyumba wanaamka kweli. Asiyekuwepo ni mwizi. Ndiyo maana vipimo vya damu hurudi safi, na ndiyo maana kauli ya "vipimo viko sawa, mama, huna tatizo", ambayo hutolewa kwa nia njema ya kumtuliza mtu, humwacha mpweke kuliko alivyoingia.

Ukiikubali habari ya mlinzi, utaona pia kwa nini dawa tunazozikimbilia hazifai. Diklofenaki na wenzake hufanya kazi penye uvimbe au jeraha. Hapa hakuna uvimbe wa kushushwa, na anayezimeza miezi nenda miezi rudi anaweka rehani tumbo na figo zake kwa faida isiyokuwepo. Shirikisho la Ulaya linaloshughulikia magonjwa ya viungo, EULAR, lilipoyarekebisha mapendekezo yake mwaka 2016 halikuziunga mkono dawa hizo, na lilizikataa kwa nguvu steroidi na dawa kali za jamii ya afyuni. Dawa chache zilipata uungaji mkono hafifu, ikiwemo amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, ambayo ni ya zamani na ya bei nafuu, pamoja na pregabalini na duloksetini. Tiba ya mazungumzo, mazoezi ndani ya maji na mazoezi ya utulivu ya aina ya yoga na tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu, nayo yalikubaliwa kwa kiasi hichohicho. Katika orodha nzima, kitu kimoja tu kilipewa pendekezo la nguvu, nacho ni mazoezi.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Tumepewa tiba yenye ushahidi kuliko nyingine zote, isiyouzwa dukani, isiyohitaji jokofu wala kibali cha bandarini, na tunaitoa kwa namna ambayo haiwezi kufanya kazi. Mgonjwa anaambiwa mlangoni, akiwa tayari ameshika cheti chake cha dawa, "Ujitahidi na mazoezi pia." Hakuna daktari ambaye angemwandikia mtu "ujitahidi na vidonge pia" bila kusema kidonge kipi, vingapi, mara ngapi kwa siku, na afanye nini vikimchafua tumbo. Mazoezi ni dawa yenye dozi: yakipungua hayasaidii, yakizidi yanadhuru, na kwa mwenye fibromialjia nafasi iliyopo kati ya hayo mawili ni finyu mno. Anayejitahidi bila kipimo huishia kitandani siku ya tatu, na tangu hapo anakuwa na sababu halali ya kutoamini tena neno mazoezi.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi, kutoka kwa wagonjwa, waume zao na hata wauguzi, ni kwamba mwanamke anayeamka alfajiri kuteka maji, kufua, kupika na kwenda sokoni hana haja ya mazoezi, kwa kuwa maisha yake yote ni mazoezi. Pingamizi hili lina uzito, na sipendi kulipita haraka. Nimemtazama mama mdogo akifua shuka nzito: amechuchumaa mbele ya beseni, mgongo umepinda kama upinde, bega moja limepanda karibu na sikio, na anapoikamua shuka hubana meno hadi mshipa wa shingo unasimama. Hakuna anayeweza kusema kwamba mwili huo haufanyi kazi. Lakini kazi ina mwisho wake, nao ni pale kazi inapokwisha; haina habari na bega la anayeifanya. Hurudia misuli ileile katika mkao uleule, hufanywa kwa haraka na kwa hofu ya kinachofuata, na haimuulizi mtu jana alilalaje. Zoezi huanza kutoka kwenye mwili na kuishia kwenye mwili. Hupangwa likiwa dogo, hukua polepole, hugusa misuli ambayo beseni na ndoo haziigusi, na hukoma wakati mtu bado ana akiba. Kwa hiyo kwa mwanamke wa namna hii mazoezi hayaanzi kwa kuongeza kitu juu ya mzigo alionao. Yanaanza kwa kupunguza na kugawa, na hapo ndipo familia nyingi zinapogoma, kwa sababu kinachopunguzwa upande wake lazima kishikwe na mtu mwingine.

Kuna mtego ambao karibu kila mgonjwa hutumbukia. Siku akiamka na nafuu anafua nguo za wiki nzima, anapanga kabati, anatembelea wagonjwa wawili na kumaliza viporo vyote, maana hajui nafuu itarudi lini. Siku tatu zinazofuata hawezi kuinuka. Anapumzika, misuli inalegea, na nafuu inaporudi anakuta uwezo umeshuka na kazi zimeongezeka. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Seattle aliyefanya kazi na watu wenye maumivu sugu, aliliona jambo hili kwa jicho kali: maumivu yakiwa ndiyo kengele ya kusimama, mtu hujifunza bila kujua kwamba mapumziko hulipwa kwa maumivu. Alichopendekeza ni kuikata kamba hiyo, ili mtu asimame kwa kipimo alichopangiwa, awe anaumwa zaidi au anaumwa kidogo.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyempokea mama mdogo alifuata njia hiyohiyo kwa daftari la shule na simu ya kitochi. Kwa wiki mbili za mwanzo hakumpa zoezi lolote. Alimwambia aandike tu amefagia dakika ngapi, ametembea hadi wapi, na kesho yake ameamkaje. Ilionekana kwamba katika siku zake mbaya aliweza dakika tisa hivi kabla maumivu hayajapanda. Basi dozi ikawa dakika saba, si tisa, wala si ishirini alizoziweza siku nzuri. Dakika saba za kazi au za kutembea, kisha kupumzika, kisha saba nyingine, na kwa kila wiki iliyopita bila kuzidiwa, nyongeza ya dakika moja. Sharti gumu kuliko yote lilihusu siku nzuri: simu ikilia, simama, hata kama unajihisi unaweza kulima ekari. Alilalamika kwamba anajiona kama mtu anayedanganya. Mume wake aliuliza, bila ubaya wowote, kama kweli hospitali imemwandikia kufagia nusu ya uwanja.

Jumamosi alikwenda baharini. Tanga ina maji ya uvuguvugu ambayo hospitali za Ulaya hulazimika kuyachemsha katika mabwawa maalumu ili wagonjwa wa aina hii wayaingie, na nasikitika kila nionapo jinsi wanawake wetu wazima walivyoiachia bahari wavuvi na watoto. Alisubiri maji yajae na upepo uwe umetulia, akaingia na kanga zake hadi usawa wa kifua akiwa ameshikwa mkono na bintiye, maana hajui kuogelea, akatembea hatua thelathini kwenda na thelathini kurudi. Maji yalibeba uzito ambao nyonga zake zimeubeba miaka hamsini. Aliniambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kutembea bila kuwaza goti.

Ushahidi wa kisayansi unasemaje kuhusu haya? Mwaka 2002 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio la Selwyn Richards na David Scott lililohusisha wagonjwa 136. Kundi moja lilihudhuria darasa mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, likitembea kwenye mashine au kuendesha baiskeli ya mazoezi, likianza kwa dakika chache na kuongeza polepole. Kundi la pili lilifundishwa kulegeza misuli na kunyoosha viungo. Baada ya miezi mitatu, asilimia 35 ya kundi la kwanza walisema wana nafuu kubwa au kubwa sana, dhidi ya asilimia 18 ya kundi la pili. Nazithamini takwimu hizi kwa sababu hazijipambi. Zinasema kwamba mazoezi yaliongeza karibu maradufu idadi ya waliopata nafuu kubwa, na wakati huohuo zinasema kwamba kati ya watu watatu, wawili hawakufika huko katika muda ule. Anayemwahidi mgonjwa kupona kwa mazoezi anamwandalia fadhaa. Anayemwahidi hatua, pengine usingizi bora kidogo, pengine kurudi kuswali kwa kusujudu badala ya kukaa kitini, anasema kitu kinachoweza kutimia.

Mwaka 2018 jarida hilohilo lilichapisha jaribio jingine la Marekani, lenye washiriki 226, lililolinganisha tai chi na mazoezi ya kawaida ya kuongeza mapigo ya moyo. Tai chi ilileta nafuu sawa au zaidi. Silisomi jaribio hilo kama agizo la kutafuta mwalimu wa tai chi katika mitaa yetu ya Tanga, Chumbageni au Makorora. Nalisoma kama uthibitisho kwamba upole si upungufu, na kwamba zoezi zuri ni lile ambalo mtu atalirudia wiki ijayo. Hapa nina neno na vikundi vyetu vya jogging, ambavyo navipenda na ambavyo vimefanya kazi kubwa mitaani. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kutaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Barabara zilijaa fulana za rangi moja na nyimbo za mchakamchaka, na lilikuwa jambo jema. Lakini mtu ambaye dozi yake ni dakika saba hana mahali katika msafara huo. Akienda atavutwa na nyimbo na aibu hadi dakika arobaini, na Jumapili yake itakuwa ya kitanda. Kikundi kinachoweza kuweka mstari wa nyuma, wenye kiongozi wake, saa yake na ruhusa ya wazi ya kuishia kona ya kwanza, kitawahudumia watu ambao leo wanachungulia dirishani.

Usingizi na utulivu mara nyingi huchukuliwa kama mapambo ya matibabu, na hilo ni kosa. Mwaka 1975, mjini Toronto, Harvey Moldofsky na wenzake walivuruga usingizi mzito wa watu wenye afya njema, bila kuwaamsha kabisa, na baada ya siku chache watu hao wakaanza kulalamikia maumivu ya misuli na uchovu unaofanana na wa wagonjwa. Kwa maneno mengine, usingizi mbovu si matokeo ya maumivu pekee, bali nao huyazaa. Ndiyo maana saa ya mwisho ya siku ina haki ya kupangwa kama zilivyopangwa dakika za asubuhi. Mbinu aliyofundishwa mama mdogo ni ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1929: unakaza kundi moja la misuli kwa sekunde chache, unalegeza, na unasikiliza tofauti, ukianzia vidole vya miguu hadi paji la uso. Usiku wa kwanza aligundua kwamba hajui jinsi ya kulegeza taya. Alikuwa ameibana kwa miaka, mchana na usiku, na alidhani kwamba ndivyo taya za watu zilivyo.

Baada ya hapo huvuta pumzi kwa tasbihi, punje moja kwa pumzi moja, akitoa pumzi polepole kuliko alivyoivuta. Watafiti wa Italia waliochapisha matokeo yao mwaka 2001 waliona kwamba watu waliosali rozari kwa Kilatini walijikuta wakipumua takribani mara sita kwa dakika bila kuagizwa, kasi ambayo huutuliza moyo. Sitaki kuigeuza ibada kuwa kidonge. Tasbihi ina kazi yake na mgonjwa anaijua kuliko mimi. Nasema tu kwamba mtu anayefundishwa kupumua polepole hapaswi kuonyeshwa kitu kigeni kama kile cha nyumbani kinamfikisha palepale.

Kuhusu tiba ya mazungumzo, nimeona wagonjwa wakikunja uso kwa kulisikia tu neno mwanasaikolojia, na nawaelewa. Mtu aliyepigania miaka sita aaminiwe kwamba anaumwa, akiambiwa aende kuzungumza, husikia kwamba anaitwa mwendawazimu. Ni wajibu wa anayempa rufaa kueleza kwamba anapelekwa huko kwa sababu ubongo, ambao ndio unaoongeza au kupunguza sauti ya maumivu, hubadilika kwa mazoea ya fikra kama misuli inavyobadilika kwa mazoea ya mwendo. Mama mdogo alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kimoyomoyo kila alipoinama: "Nikiinama hivi nitakatika kiuno." Mshauri hakumwambia kwamba sentensi hiyo ni ya uongo. Alimuuliza ameinama mara ngapi mwaka huu na kiuno kimekatika mara ngapi, kisha wakapanga ainame mara tatu tu siku ya kwanza, mbele ya kiti cha kushikilia, na kuandika kilichotokea. Ni kazi ya uvumilivu, na haihitaji shahada ya juu katika kila zahanati. Afrika Mashariki ilishajenga, kwa ajili ya UKIMWI, jeshi la washauri nasaha wanaojua kuketi na mtu, kumsikiliza na kumfuatilia mwezi hadi mwezi. Sioni kwa nini ujuzi huo uishie kwenye ugonjwa mmoja.

Sasa tahadhari, maana makala inayosifu mazoezi bila tahadhari ni hatari. Aprili 2021 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilipendekeza mazoezi kwa wenye maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine; Oktoba mwaka huohuo taasisi hiyohiyo iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa wa uchovu sugu ambao hali yao huporomoka baada ya juhudi ndogo. Magonjwa haya mawili hufanana na wakati mwingine hukaa ndani ya mtu mmoja, kwa hiyo anayeporomoka kwa siku kadhaa baada ya kila juhudi, hata ikipunguzwa, asilazimishwe kusonga mbele. Arudi kwa mtaalamu. Vilevile, si kila maumivu ya mwili mzima ni fibromialjia. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, homa isiyoisha, jasho la usiku, kupungua uzito, mguu unaokosa nguvu au haja inayoponyoka ni ishara za kutafuta ugonjwa mwingine haraka, na hata asiye na ishara hizo anastahili kupimwa damu, tezi ya shingo na maambukizi kabla jina hili halijaandikwa kwenye faili lake.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mijadala kuhusu vitita vya huduma itaendelea kwa miaka. Ningependa kuona katika mijadala hiyo mtu akiuliza swali dogo la hesabu: je, mahudhurio ya fiziotherapia ya miezi mitatu yanagharimu kiasi gani, ukiyalinganisha na miaka sita ya picha za mgongo, vipimo vya taifodi na diklofenaki za mwanamke mmoja? Ningependa pia kuona cheti cha dawa chenye mstari wa mazoezi ulioandikwa kama mistari mingine: kutembea, dakika kadhaa, mara kadhaa, ongeza hivi, ukizidiwa punguza hivi, rudi tarehe fulani. Mstari huo hauhitaji bajeti. Unahitaji daktari kuamini kwamba anachokiandika ni dawa.

Mama mdogo alifika dakika 22. Ilimchukua miezi saba, ikiwa na wiki mbili za kurudi nyuma wakati wa mvua, na mjukuu wake wa kiume alikuwa amezoea kumalizia uwanja bila kuambiwa. Kisha jirani yule mwenye ndoo alifiwa na mumewe, na kwa siku tatu mama mdogo alikuwa jikoni msibani, akipepeta mchele na kuinua masufuria, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyapimia saa. Siku ya nne hakuweza kufunga kanga yake mwenyewe. Nilipokwenda kumwona nilidhani nitamkuta amelitupa daftari. Lilikuwa juu ya mto. Chini ya ile 22 aliacha mistari minne mitupu, kisha akaandika saba, na kesho yake saba, na kwa wiki nzima saba, kwa kalamu ya bluu na mwandiko uleule wa madrasa. Jumatatu iliyofuata ameandika nane.